Riwaya za Picha na Namna ya Kuzijadili

Muhula huu nimeulizwa mara nyingi juu ya zile hadithi za picha zisomwazo katika kompyuta na simu, ambazo asili yake ni Japani. Wanafunzi huniuliza kwa kuwa wanazipenda, na wazazi huniuliza kwa kuwa wana wasiwasi. Mzazi mmoja aliyefika siku ya wazazi alisema hivi: "Mwalimu, mwanangu akija likizo husoma hadithi hizo mpaka usiku. Tena akimaliza kusoma ndipo kazi inapoanza, maana hubishana na watu wa miji asiyoijua juu ya nani amemwua nani. Je, hicho ni kitabu au ni mchezo? Na mabishano hayo yana faida gani?"

Maswali hayo ni ya haki, na si ya mzazi huyo peke yake. Kwa hiyo nimeonelea vema niyajibu katika gazeti letu, ili wanafunzi, walimu na wazazi tuyafikiri pamoja. Kwanza nitaeleza hadithi hizi ni kitu gani, na zilianzaje. Pili nitaonyesha kwamba wasomaji kubishana juu ya hadithi si jambo geni katika pwani yetu. Tatu nitataja kanuni za kujadili, na mwisho nitasimulia yale tuliyoyajaribu darasani.

1. Riwaya ya picha ni nini?

Fikiri kitabu ambacho kila ukurasa wake una picha ya mahali, na mbele yake picha ya mtu anayesema. Chini pana kisanduku chenye maneno. Msomaji akigusa kioo, sentensi moja inaondoka na nyingine inakuja. Muziki hulia polepole, na pengine husikia mvua au mlango ukifungwa. Msomaji hakimbii wala hapigi risasi kama katika michezo mingine ya kompyuta. Kazi yake ni kusoma tu, na riwaya ndefu za namna hii huhitaji saa nyingi kuliko kitabu kikubwa cha karatasi.

Lakini kuna jambo moja ambalo kitabu cha kawaida hakina. Katika nyingi za riwaya hizi msomaji hufika njia panda, akaulizwa achague. Tuseme hadithi yetu ni ya mto Pangani. Msafiri amefika ukingoni upande wa Bweni, jua linakuchwa, naye ana barua ya kupeleka mjini usiku huohuo. Hapo kioo humwuliza msomaji: Je, utaita mtumbwi uvuke gizani, au utalala kwa mzee mmoja wa Bweni mpaka asubuhi? Akichagua kuvuka, hadithi inakwenda njia moja. Akichagua kulala, inakwenda njia nyingine, na huenda mzee yule akamwambia jambo ambalo asingalilijua kamwe kama angalivuka.

Walimu wenzangu wa hesabu watapenda kujua kazi inayompata mwandishi. Ikiwa kila njia panda ina njia 2, na njia panda ni 5, basi hadithi itakuwa na miisho 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32. Njia panda zikiwa 10, miisho ni 1,024. Hakuna mwandishi awezaye kuandika miisho 1,024 iliyo mizuri. Kwa hiyo waandishi hufanya hila: huziacha njia ziachane kwa muda kisha huzikutanisha tena, kama mto unavyopita kando mbili za kisiwa. Hata hivyo programu hukumbuka kilichopita. Ikiwa msafiri wetu alimpa mzee wa Bweni tumbaku, jambo hilo limewekwa katika kumbukumbu, na sura tatu mbele huyo mzee atamfungulia mlango ambao kwa mwingine utabaki umefungwa.

Tazama sasa matokeo yake. Wanafunzi wawili wakisoma kitabu kimoja cha karatasi, wamesoma maneno yaleyale. Lakini wawili wakisoma riwaya moja ya picha, mmoja huenda akaona yule msafiri amezama, na mwenzake akamwona ameoa. Wakikutana kila mmoja ana habari ambayo mwenziwe hana. Basi kuzungumza kwao si anasa, ni sehemu ya kusoma kwenyewe. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa wapenzi wa riwaya hizi wana majadiliano mengi kupita wasomaji wa vitabu vingine.

2. Zilivyoanza

Mwaka 1983 Mjapani mmoja, Yuji Horii, alitoa hadithi ya upelelezi ya kompyuta iliyohusu mauaji katika mji wa Kobe. Jina la mwuaji wa hadithi ile lilivuja, likaenea Japani nzima hata likawa kama msemo. Watu ambao hawakuisoma kabisa walilijua. Mimi sitalitaja hapa, na sababu yake mtaiona baadaye. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ilitoa Otogirisō, hadithi ya kutisha ya maneno, picha na sauti, na mwaka 1994 ikatoa Kamaitachi no Yoru, ya watu waliofungiwa na theluji milimani pamoja na mwuaji wasiyemjua. Mwaka 1996 kampuni nyingine, Leaf, ilianza mfululizo wake ikauita kwa jina la riwaya za kuonekana kwa macho, na jina hilo ndilo lililoshika. Mimi katika makala hii naziita riwaya za picha.

Katika hizo zote, ile inayofaa kuelezwa kwa urefu ni Higurashi no Naku Koro ni. Mwandishi wake, anayejiita Ryukishi07, hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Yeye na wenzake wachache waliitengeneza wenyewe, wakaiuza katika soko la Tokyo ambako watu huuza vitabu walivyojichapishia, soko ambalo hufanyika mara mbili kila mwaka. Sehemu ya kwanza ilitoka Agosti 1992 na kumi zaidi, yaani Agosti 2002, na ya nane na ya mwisho ilitoka Agosti 2006. Sehemu 4 za mwanzo zilikuwa za maswali, na 4 za mwisho zilikuwa za majibu. Hadithi yenyewe ni ya kijiji kidogo ambamo kila mwaka, siku ya sherehe moja, mtu hufa na mwingine hupotea. Je, ni laana ya mungu wa kijiji, au ni mikono ya wanadamu?

La ajabu ni kwamba Higurashi haina njia panda hata moja. Msomaji hachagui kitu. Mwandishi alikusudia kwamba mchezo wenyewe uwe nje ya hadithi, katika fikira za wasomaji. Kila baada ya miezi kadhaa walipata sehemu mpya, na katikati yake walikuwa na muda wa kuyapima yaliyokwisha kusomwa, kuandikiana kwa intaneti, kubishana, na kuangushana kwa hoja. Majadiliano hayakuwa mkia wa riwaya, bali yalikuwa nusu yake.

Baadaye wasomaji wa nchi nyingine nao waliingia. Wengi hawakujua Kijapani, basi baadhi yao wakajifunza na kuwatafsiria wenzao bila malipo. Kundi moja, mirror moon, lilimaliza kutafsiri kwa Kiingereza riwaya iitwayo Tsukihime mwaka 2006, miaka 6 baada ya kutolewa kwake Japani. Mwaka 2007 wapenzi wengine walianzisha orodha kubwa, VNDB, ambamo wasomaji wenyewe huandika kila riwaya, watungaji wake, lugha zake na umri unaoifaa. Hiyo ni kazi ya mkutubi, nao waliifanya kwa mapenzi tu.

3. Jambo hili si geni kwetu

Wako watakaosema, "Hayo ni ya Wajapani, yatuhusu nini sisi wa Tanga?" Nawajibu kwamba kusoma kidogokidogo, kungoja, kukisia na kujibizana ni desturi ya pwani hii tangu kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alijulikana kwa mashairi ya mafumbo na ya kujibizana, ambayo mwerevu ndiye aliyeyafumbua.

Magazeti yalipofika, desturi hiyo ilihamia karatasini. Kule Unguja, shule ya misioni ya Kiungani ilitoa Msimulizi tangu 1888. Jirani zetu wa Magila, karibu na Muheza, walikuwa na Habari za Mwezi katika miaka ya 1890. Na hapa hapa Tanga, shule ya serikali ya wakati wa Wadachi ilichapisha Kiongozi tangu 1904 mpaka 1916, gazeti ambalo wasomaji wake waliandika barua na mashairi kutoka bandari na bara. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanga aandikaye katika gazeti la shule ana wazee waliomtangulia zaidi ya miaka 100. Tangu 1923 lilikuwako Mambo Leo, na humo mtunzi wa mji mmoja aliuliza kwa shairi, na mwezi wa pili au wa tatu akajibiwa na mtunzi wa mji mwingine ambaye hajapata kumwona uso. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, kusini ya mji wetu, alikuwa mmoja wa watunzi walioandika humo.

Picha nazo zilifuata. Katika miaka ya 1950 Edward Gitau wa Kenya alianza kumchora Juha Kalulu, na baadaye hapa kwetu Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Tangu 1968 lilikuja jarida la African Film, lililokuwa na hadithi za picha za kamera: watu halisi walipigwa picha wakiigiza, na maneno yao yakaandikwa juu ya picha. Shujaa wake alikuwa mpelelezi Lance Spearman mwenye kofia, na vijana wa Afrika Mashariki na Magharibi walimngoja kwa hamu. Faraji Katalambulla, mtungaji wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alitoa kwa Kiswahili jarida la Film Tanzania la namna hiyohiyo. Halafu likaja Sani, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambalo jina lake limeundwa kwa herufi za mwanzo za majina yao, nalo ndilo lililowazoesha watu akina Madenge na Lodi Lofa.

Waulizeni wazazi wenu. Nakala moja ilisomwa na watu wengi kwa kinyozi na barazani, na ukurasa wa mwisho ulipoandikwa kwamba hadithi itaendelea, baraza nzima iligeuka mahakama. Vijana wa leo wanaobishana na msomaji wa Brazili wanafanya yaleyale. Baraza imekuwa pana, basi.

4. Kanuni za kujadili

Nimesoma majadiliano mengi ya wapenzi wa riwaya hizi, mazuri na mabaya. Yaliyo mazuri hushika kanuni fulani, hata kama hazikuandikwa. Nazitaja tano.

Kwanza, usiufichue mwisho. Kanuni hii tunayo tangu utotoni. Mtu akisema "Kitendawili!", tukajibu "Tega!", akatega nasi tukashindwa, je, hulitoa jibu hivihivi? La. Hudai mji kwanza. Tunampa Pangani, au Mombasa, au Unguja, ndipo asemapo. Maana yake ni kwamba jibu lina thamani, na mtu haelezwi mpaka mwenyewe amekubali kwamba ameshindwa na anataka kujua. Basi wewe uliyekwisha kumaliza hadithi, mwulize mwenzako amefika wapi kabla hujafumbua kinywa. Asipokupa mji, nyamaza.

Pili, leta ushahidi. "Naona yule daktari ndiye mwovu" si hoja. "Katika sehemu ya pili daktari alisema hajafika ghalani, na katika sehemu ya tatu alijua rangi ya mlango wa ghala" ni hoja. Riwaya ya Umineko no Naku Koro ni, ya mwandishi yuleyule wa Higurashi, iliyotoka kati ya 2007 na 2010, ililifanya jambo hili kuwa sheria ya hadithi. Humo kijana mmoja hushindana na mchawi wa kike juu ya mauaji katika kisiwa. Mchawi asemapo ni uchawi, kijana husema ni kazi ya mtu. Lakini kila neno lililoandikwa kwa rangi nyekundu ni kweli tupu, na hakuna ruhusa kulipinga. Yaliyobaki yote huenda yakawa uongo, hata yale ambayo msomaji amedhani ameyaona kwa macho. Natamani kila mwanafunzi, asomapo kitabu cha historia au gazeti, ajiulize: katika maneno haya, yapi yamethibitishwa, na yapi ni masimulizi ya mtu tu?

Tatu, mpinge mtu hoja yake, usimtukane. Umineko ilipokwisha, mwandishi hakuyafungua mafumbo yote waziwazi. Wasomaji wakagawanyika: wengine walisema wameheshimiwa, wengine walisema wamedanganywa. Katika ugomvi huo palikuwa na maandiko ya akili nyingi, na palikuwa na matusi ya bure. Sisi wa Tanga tunajua vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilivyoshindana zamani kwa nyimbo, na mashabiki wao walivyochukua kila ubeti kuwa mshale. Ushindani ule ulizaa nyimbo zinazopendwa mpaka leo kwa sababu jibu la wimbo lilikuwa wimbo bora zaidi. Tusi halizai kitu.

Nne, kumbuka kwamba unasoma tafsiri. Kijapani kina maneno kadhaa ya kusema "mimi". Mwungwana mpole hutumia moja, kijana hutumia jingine, na mkali mwenye kiburi jingine tena. Kwa Kiingereza yote huwa neno moja, na kwa Kiswahili vivyo hivyo. Lakini katika kuitana Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina. Mjapani huongeza kipande cha neno nyuma ya jina kuonyesha heshima, mapenzi au umri, na mwanafunzi humwita wa darasa la juu kwa cheo maalumu. Mfasiri wa Kiingereza hapo hutaabika, na mara nyingi huacha neno la Kijapani lilivyo. Sisi tunao kaka na dada, shemeji, wifi, somo, Bwana, Bibi, Mzee, Maalim, tena tuna shikamoo na marahaba. Nasema bila ya kujisifu kwamba mfasiri mzuri wa Kiswahili angeyachukua mambo mengi ambayo Kiingereza huyaangusha njiani.

Tano, mpe mwenye kazi haki yake. Riwaya nyingine hutolewa bure na waandishi wake, na hizo zichukuliwe kwa shukrani. Nyingine huuzwa. Kuchukua nakala ya wizi ya kitabu kinachouzwa, kisha kusema unampenda mwandishi, ni kama kumsifu mvuvi huku unachota ngalawani mwake.

5. Tahadhari kwa wazazi na wanafunzi

Sitaki mtu adhani kwamba nasifu tu. Riwaya nyingi za namna hii zimeandikwa kwa ajili ya watu wazima, na nyingine zina mambo ya aibu yasiyomfaa mwanafunzi. Sura ya nje haionyeshi. Mfano ni Doki Doki Literature Club, iliyotengenezwa Marekani ikatolewa bure mwaka 2017. Mtu akiitazama huona wasichana wa shule katika chama cha mashairi, jambo ambalo mzazi yeyote angelikubali. Lakini ndani yake mna watu wanaojidhuru nafsi zao, na waandishi wenyewe wameweka onyo mwanzoni kwamba haifai watoto. Basi mzazi asitazame picha ya jalada. Asome onyo na umri ulioandikwa, na akiweza akae aisome sehemu ya mwanzo pamoja na mwanawe. Na mwanafunzi anapojadiliana na watu asiowajua asitaje jina lake kamili, shule yake wala mahali akaapo. Anayetaka kujua hoja yako juu ya hadithi hana haja ya kujua nyumba yenu.

6. Tulivyojaribu darasani

Niliona kwamba kuzuia tu au kuruhusu tu hakutatufundisha kitu. Basi nikawaomba wanafunzi wa darasa langu la Kidato cha Pili watunge riwaya ya picha kwa karatasi, bila kompyuta. Wanafunzi 5 walikuwa watungaji na wachoraji, na darasa lililobaki walikuwa wasomaji. Hadithi ilitoka kila Jumatatu kwa wiki 4, ikabandikwa ukutani, na kila msomaji aliandika makisio yake na sababu zake.

Walichagua magofu ya Tongoni, ambayo wengi wao wameyaona, yaliyo kusini ya mji kando ya bahari, penye gofu la msikiti na makaburi ya nguzo. Nguzo za makaburi ya namna hiyo zilipambwa kwa bakuli za kigeni. Katika hadithi yao bakuli moja, ya mwisho iliyosalia, imetoweka usiku. Waliokuwako ni mlinzi, mvuvi, mgeni mpiga picha na mwalimu wa historia.

Baada ya sehemu ya tatu msichana mmoja aliandika kurasa mbili. Alionyesha kwamba bakuli lisingeweza kufikiwa bila ngazi, kwamba katika picha ya kwanza ngazi ilikuwa kwa mvuvi, na katika picha ya tatu mchanga wa miguuni pa nguzo ulikuwa na alama mbili za mviringo. Alisema mwizi ni mvuvi. Mvulana mwingine aliandika mstari mmoja: "Ni mlinzi, kwa maana mlinzi huwa ndiye."

Hapo yakazuka mambo mawili, na yote mawili yaliletwa kwangu. La kwanza lilitoka kwa watungaji. Mwizi wao alikuwa mvuvi kweli, na baada ya kuyasoma makisio ya msichana yule walitaka kubadili mwisho ili wasomaji wote washangae. Walisema, "Mwalimu, kama amekwisha kujua, hadithi imeharibika." Niliwauliza: zile alama mchangani mlizichora kwa nini? Wakajibu kwamba walizichora ili msomaji mwangalifu azione. Nikawaambia kwamba dalili ni ahadi. Mwandishi anayeweka dalili kisha akaugeuza mwisho kwa kuwa ameonwa, anamwadhibu yule msomaji pekee aliyemsoma vizuri. Walijadiliana wenyewe siku mbili. Wawili walikuwa wanataka kubadili, watatu walikataa, na mwisho mvuvi akabaki kuwa mwizi. Lakini waliongeza jambo ambalo hakuna aliyelikisia: alilichukua bakuli kulificha, kwa kuwa alimsikia mpiga picha akipanga kuliuza ng'ambo. Mwizi akawa mlinzi, na msomaji aliyempata hakukosea, ila alipata kazi mpya ya kufikiri.

Jambo la pili lilitoka kwa yule mvulana. Alikuja akiwa amefurahi, akasema, "Mwalimu, nami nimepata. Nilisema mlinzi, na mwisho wake mvuvi ndiye aliyekuwa mlinzi wa kweli. Mbona nimepewa alama 2 na mwenzangu 9?" Darasa lilicheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha, na wenzake kadhaa walimwunga mkono. Nilimjibu mbele ya wote kwamba alama hazikutolewa kwa kupata. Hata kama mvuvi angeonekana hana hatia kabisa, msichana yule angepewa alama zilezile 9, maana alisema anachokiamini, akatuonyesha njia aliyopita, na sisi tuliweza kuifuata na kuipima hatua kwa hatua. Aliyepata kwa kubahatisha hawezi kumfundisha mwenzake kitu. Mvulana hakuridhika siku ile. Wiki iliyofuata, tulipoanza hadithi nyingine, aliniletea ukurasa mzima wa sababu, na makisio yake yalikuwa yamekosea kabisa. Nilimpa 7.

Sasa namjibu yule mzazi. Ndiyo, ni kitabu, na ni mchezo pia, kama kitendawili kilivyo mchezo na elimu. Na mabishano yana faida ikiwa mtoto anarudi kwenye hadithi kutafuta ushahidi. Ikiwa anarudi na matusi tu, basi afadhali alale.

Limebaki jambo moja. Wanafunzi wengi huuliza kama ipo riwaya ya picha iliyoandikwa tangu mwanzo kwa Kiswahili. Nami huwauliza wao kama wameianza. Programu iitwayo Ren'Py, aliyoitoa Mmarekani Tom Rothamel mwaka 2004, hupatikana bure, na waandishi wengi duniani huitumia. Kiswahili huandikwa kwa herufi zilizo katika kila kompyuta, hivyo hapahitajiwi mashine mpya. Panahitajiwa hadithi, mchoraji, na wasomaji wasiotukanana.

Mazoezi

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kukisia na kubahatisha. Toa mfano mmoja kutoka hadithi uliyoisoma.
2. Hadithi ina njia panda 7, na kila moja ina njia 2. Ikiwa njia hazikutanishwi kamwe, ina miisho mingapi? Na kila njia panda ikiwa na njia 3?
3. Andika mazungumzo mafupi kati ya mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza na wa Kidato cha Nne. Onyesha heshima kwa maneno ya kuitana, bila kueleza kwamba mmoja ni mkubwa.
4. Mwulize mzee mmoja wa mtaani kwenu, wa Ngamiani, Chumbageni, Raskazone au penginepo, hadithi ya jarida aliyoingoja ujanani mwake. Waliisoma wapi, watu wangapi kwa nakala moja, na walibishana juu ya nini?
5. Je, watungaji wangebadili mwisho wa hadithi ya Tongoni, wangekuwa na haki? Jibu kwa aya mbili, ya kwanza ikiwatetea, ya pili ikiwapinga.

Majibu mazuri ya swali la 4 na la 5 yataletwa kwa mhariri yachapishwe muhula ujao. Atakayeandika juu ya hadithi ambayo wenzake hawajaisoma, aombe mji kwanza.